Wizi wa Ng'ombe na Utambuzi wa Saikopathi: Ushahidi kutoka Mara

Kipimo cha usaikopathi cha Robert Hare, mwanasaikolojia wa Kanada, kina vipengele 20, na huko Amerika Kaskazini anayepata alama 30 kati ya 40 ndiye huhesabiwa saikopathi. Vipengele kadhaa vinahusu ulaghai, majivuno na kukosa majuto. Vingine vinahesabu uhalifu wenyewe: ukorofi wa ujanani, makosa ya aina nyingi, kuvunja masharti ya kuachiliwa. Ninapinga kundi hili la pili kutumika katika vijiji vya mkoa wa Mara, Tanzania, kuanzia Tarime hadi Kenyamonta wilayani Serengeti.

Kwamba wapo watu wenye akili timamu wasioguswa na maumivu ya wenzao, hilo halina ubishi. Hervey Cleckley aliwaeleza mwaka 1941, na Jane Murphy akaonyesha mwaka 1976 kuwa Wayupik wa Alaska na Wayoruba wa Nigeria wanawafahamu vizuri wala hawawachanganyi na wenye kichaa. Ugomvi uko kwenye uhalifu. Mwaka 2010 Jennifer Skeem na David Cooke walidai kwamba uhalifu unaweza kuandamana na usaikopathi lakini si kiini chake. Hare na Craig Neumann wakajibu kwamba kipimo kimeeleweka vibaya. Jibu hilo halitoshi. Kipimo kilikuzwa kwa wafungwa, na mahali ambapo kila anayepimwa ni mhalifu ni vigumu kujua uhalifu umetokana na hulka au na maisha.

Mara inatusaidia kutenganisha mambo hayo. Michael Fleisher, aliyewachunguza Wakuria wa Tarime katika miaka ya 1990, alieleza jinsi wizi wa ng'ombe ulivyogeuka biashara inayovuka mpaka kwenda Kenya. Lakini hoja yake yenye uzito zaidi iko katika makala ya 1999 kuhusu kaya. Kijana wa Kikuria huoa kwa ng'ombe, na ng'ombe hao aghalabu hutoka kwenye mahari ya dada zake. Nyumba yenye wana wengi na mabinti wachache inabaki na vijana wasio na cha kutolea mahari, na Fleisher aliuhusisha wizi na upungufu huo. Tuutafakari ushahidi huu bila haraka. Kama chanzo kingekuwa moyo usio na huruma, idadi ya dada isingekuwa na la kusema. Hakuna nadharia ya usaikopathi inayodai kwamba kuzaliwa kwa mabinti wawili humpa kaka yao dhamiri. Kijana huyo atapata alama za juu kwenye vipengele vya uhalifu, ilhali ameiba ili aoe, azae na aheshimiwe na ukoo wake.

Itasemwa kuwa miongoni mwa wezi hao wamo masaikopathi halisi. Naam, wamo. Hao tuwatafute pale ambapo hata maadili ya wezi yanakataza: anayewadhulumu wenzake mgao, anayetapanya mahari ya dada yake, anayemfariji mjane msibani kisha akauza shamba lake, na akiitwa na wazee anajieleza kwa utamu bila aibu yoyote. Tusimchanganye saikopathi na mwenye unarsisi. Yeye ana njaa ya sifa: atachinja dume mbele ya wageni, lakini mkewe akiugua anaona amekosewa heshima, na aliyempinga barazani atamwekea kinyongo kwa miaka. Saikopathi huzitumia sifa. Mwenye unarsisi hawezi kuishi bila hizo.

Mwongozo wa ICD-11 wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika mwaka 2022, katika kutambua matatizo ya hulka unatazama jinsi mtu anavyojiona na anavyohusiana na wengine kwa muda mrefu, kama miaka miwili au zaidi. Mambo hayo wanayajua wake wenza, mawifi na watu wa rika. Hata hivyo sipendekezi yapelekwe kwenye iritongo, mkutano wa jamii unaowahukumu wezi. Suzette Heald alionyesha kwa Wagisu wa Uganda kwamba mtu aliyekwisha kubandikwa jina la mwizi au mchawi angeweza kuuawa. Ushahidi wa nyumbani uende kwa daktari, na kwa siri.

Kwa hiyo mtaalamu anayempima mtuhumiwa kutoka Mara, hata akiwa kwenye hospitali ya magonjwa ya akili ya Isanga kule Dodoma, aweke kando alama za uhalifu na kwanza awahoji wanawake wa kaya hiyo, mmoja mmoja, bila wanaume kuwapo. Naamini wengi tunaowaita masaikopathi wataonekana ni makaka wasio na dada.