Neno na Matumizi: Kijana
Mlangoni mwa kibanda umiza kimoja hapa Dunda, Bagamoyo, pamebandikwa karatasi: “Vijana, njooni! Gemu mchana, muvi usiku.” Juzi binti wa miaka kumi na minane hivi alifika na hela yake mkononi, akaambiwa, “Dada, hapa ni pa vijana.” Akageuka, akaondoka kimya. Iliniuma.

Kijana ni ndugu wa neno mwana, na mwana huwa wa kike au wa kiume. Neno kijana linataja umri, si jinsia. Hata Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 ilimtambua kijana kwa miaka 15 hadi 35, awe wa kike au wa kiume. Anayekusudia wanaume pekee ana maneno yake: mvulana, au barobaro kwa aliyekwisha kupevuka. Msichana ni kijana wa kike, na mwali ni yule aliyevunja ungo. Bagamoyo hii wasichana na wavulana husoma sanaa pamoja katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni (TaSUBa). Basi mwenye kibanda, ukiandika “vijana”, wafungulie wote.