Goti Langu na Maneno ya Hunter

Nikiwa na miaka kumi na minne nilianguka kutoka mwembeni nikavunjika mkono. Baada ya wiki chache plasta ilikatwa, na tangu siku hiyo mkono haujanidai kitu. Nilipotimiza arobaini niliteleza ngazini nikaumia goti. Mfupa haukuvunjika, na jamaa wakanipa pole nyepesi. Lakini goti hilo linaniuma hadi leo. Kuchuchumaa kumekuwa kazi. Kwa miaka mingi nilijilaumu kuwa sikulitunza.

Kilichonipunguzia lawama ni historia. Mwaka 1743 William Hunter, daktari kijana kutoka Uskoti, aliwasilisha kwa Royal Society ya London maelezo yake kuhusu gegedu, ile sehemu nyeupe inayoteleza ambayo msomaji ameiona mwishoni mwa mfupa wa kuku. Alisema kuwa gegedu ikishaharibika, hairudi.

Kisa ni damu. Mfupa ukivunjika, damu humwagika na kuganda, na katika donge hilo chembe hai za ujenzi huanza kazi. Gegedu haina mishipa ya damu. Chembe zake ni chache, kila moja imefungiwa mahali pake, na hulishwa na ute wa kiungo unaosukumwa kila tunapotembea. Ikijeruhiwa, hakuna njia ya kumleta fundi. Mwaka 2016 watafiti wa Denmark walionyesha kuwa nyuzi za gegedu ya goti karibu hazibadilishwi tena baada ya ujana. Ile tuliyojengewa utotoni ndiyo tunayozeeka nayo.

Wapo waliokataa kukubali. Mwaka 1959 Kenneth Pridie wa Bristol alieleza jinsi alivyotoboa mfupa ulio chini ya gegedu ili damu ipenye. Kitu kiliota, lakini kilifanana na kovu, dhaifu kuliko gegedu ya asili. Mwaka 1994 madaktari wa Göteborg, Sweden, walitoa taarifa ya wagonjwa 23 waliorudishiwa chembe zao wenyewe baada ya kuoteshwa maabara. Wengi walipata nafuu, ingawa walioumia nyuma ya pia ya goti hawakufaidika sana.

Basi Hunter hajashindwa kabisa. Mimi sijilaumu tena. Kila asubuhi natembea polepole hadi sokoni na kurudi, kwa kuwa mwendo ndio unaoilisha gegedu iliyobaki.