Nyuzi 22 za Morogoro

Kabla gita halijafika Ifakara, bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, lilishazoea mapigo yanayopishana. Wapogoro, Wandamba na Wambunga walikuwa na ngoma zao, ambamo hesabu ya tatu hutembea juu ya hesabu ya mbili bila kugombana. Sikio hilo ndilo lililoipokea jazi, yaani muziki wa dansi.

Jazi yenyewe ilianzia mijini. Dar es Salaam Jazz ilizaliwa 1932, Morogoro Jazz 1944, na 1948 Salum Abdallah akaanzisha bendi iliyokuja kuitwa Cuban Marimba. Santuri za Cuba zilileta rumba, na gita la umeme likaleta sauti ya kujaza ukumbi. Saksafoni zilibaki, lakini kazi nzito ilihamia kwenye nyuzi.

Hapo ndipo penye utamu. Besi huliacha wazi pigo la kwanza, kisha huingia nyuma yake. Rizimu hukata kodi fupifupi. Second solo hurudia kipande kidogo kinachoanza pale solo inapovuta pumzi. Magita manne, nyuzi 22, na hakuna apigaye wimbo mzima. Msikilize mpiga gita Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, bendi iliyokwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya 1970: wakifika kwenye chemko, pale wimbo unapochangamka, unasikia tuni ambayo hakuna mkono mmoja unaoipiga.

Bondeni, muziki ulifuata mshahara. Reli kutoka Kilosa ilifika Kidatu 1965, penye miwa na kiwanda cha sukari. Kati ya 1970 na 1975 reli ya TAZARA ikajengwa kupitia Mang'ula, Ifakara na Mlimba. Vibarua kutoka kila upande walikuja na ngoma zao, na redio ikawapa jazi ya kuchezea pamoja.

Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz 1973, akaunda Super Volcano, akafariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Baadaye kinanda cha umeme kiliingia katika bendi nyingi. Naamini ndicho kilichotuumiza zaidi: mtu mmoja akapiga sehemu ya wawili, na mwanya waliokuwa wakiachiana ukazibwa.