Majasusi Waliopita Naivasha

Wageni wengi wa Elsamere, nyumba ya zamani ya Joy Adamson kando ya Ziwa Naivasha, huenda kwa ajili ya chai. Kwanza huonyeshwa filamu kuhusu mwenye nyumba na simba wake Elsa, halafu hutoka nje kwenye nyasi, ambako keki hupangwa mezani huku mbega wakichungulia kutoka juu ya migunga. Lakini likitajwa jina la Joy, sura inayowajia wengi si yake. Ni ya Mwingereza Virginia McKenna, aliyemwigiza katika Born Free mwaka 1966.

McKenna alikuwa ameizoea Kenya ya sinema kabla ya simba huyo. Mwaka 1955 aliigiza binti wa masetla katika Simba, filamu ya Mau Mau iliyotoka vita vyenyewe vikiwa bado vinapiganwa. Miaka mitatu baadaye akawa jasusi. Katika Carve Her Name with Pride alikuwa Violette Szabo, mwuza manukato wa London aliyetumwa Ufaransa kusaidia vita vya chinichini dhidi ya Wajerumani, akakamatwa, na kuuawa katika kambi ya Ravensbrück mapema 1945, akiwa na miaka 23. Lewis Gilbert, mwongozaji wa filamu hiyo, baadaye aliongoza tatu za James Bond.

Ukizitazama filamu hizo mbili moja baada ya nyingine, utaguna. Katika ya kwanza mwigizaji yuleyule anawahofia watu wa msituni. Katika ya pili anahatarisha roho kwa ajili ya watu wa msituni. Wa Ufaransa walikuwa mashujaa. Wa Kenya waliitwa magaidi.

Shaka ya ujasusi ilikuwa imefika ukingoni mwa Bonde la Ufa mapema zaidi. Karen Blixen, mwandishi wa Out of Africa, alikuja Afrika Mashariki Januari 1914 katika meli moja na Paul von Lettow-Vorbeck, ofisa aliyekuwa akienda kuliongoza jeshi la Wajerumani upande wa pili wa mpaka. Vita vilipozuka Agosti, baadhi ya masetla Waingereza walianza kumtazama Mdenishi huyo kwa jicho la pembeni. Kwenye stesheni ya Kijabe, kijana aliyepaswa kuongoza magari yake manne ya kukokotwa na ng'ombe, yenye shehena ya jeshi, alikamatwa kwa kushukiwa kuwa Mjerumani. Blixen akayaongoza mwenyewe. Filamu ya Out of Africa ya 1985, iliyozoa Oscar 7, iliipenda sana safari hiyo, na wanachokumbuka watazamaji ni Meryl Streep akimcharaza simba kwa mjeledi.

Majabali ya Hell's Gate, mwendo mfupi kutoka Elsamere, yalipata zamu yao katika filamu ya 2003. Angelina Jolie alipiga sehemu ya filamu ya pili ya Lara Croft kwenye majabali hayo, si mbali na mvuke wa Olkaria. Lara hajaajiriwa ujasusi, lakini safari hii MI6 ndiyo inayomtuma kulitafuta sanduku la Pandora. Jolie akaja kuwa jasusi kamili katika Salt mwaka 2010. Filamu ya Lara yenyewe ni ya kawaida tu. Mandhari ndiyo yanayoibeba.

Tangu Greta Garbo alipoigiza Mata Hari mwaka 1931, jasusi wa kike katika sinema amekuwa mtu wa kutazamwa: gauni, macho, ngoma, na siku hizi bastola. Kazi yenyewe inataka kinyume chake. Na katika mashamba ya Njoro, Elburgon, Subukia na Naivasha, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 20, 1952, kinyume hicho kilikuwa na watu wake.

Mizizi yao ilikuwa kwa maskwota, ambao Tabitha Kanogo aliandika historia yao katika kitabu cha 1987. Huko Olenguruone, katika miaka ya 1940, watu waliokuwa wakipinga kufukuzwa walikula kiapo cha umoja, na safari hii wanawake na watoto hawakuachwa nje. Vita vilipoanza, wanawake wakawa wapasha habari na wabebaji. Chakula, dawa na risasi vilipita ndani ya kiondo, chini ya mboga, au pamoja na mtoto aliyefungwa mgongoni. Yaya alimimina chai huku mabwana wakizungumza kuhusu doria. Nani angekatiza mazungumzo yake kwa sababu ya yaya?

Usiku wa Machi 26, 1953, kundi la mpiganaji wa Mau Mau, Mbaria Kaniu, lilivamia kituo cha polisi cha Naivasha, likachukua bunduki na kuwafungulia wafungwa 173. Shambulio la namna hiyo huhitaji macho yaliyotangulia: zamu hubadilishwa saa ngapi, ghala liko wapi, lango hulindwa na wangapi.

Sinema ya wakati ule haikumwona mtu wa aina hiyo. Simba iliketi sebuleni kwa masetla. Something of Value ya 1957 iliwapa watazamaji wanaume wawili, Rock Hudson na Sidney Poitier, marafiki wa utotoni waliogeuka maadui. Hata Wambui Otieno, aliyekuwa akiwapelelezea Mau Mau jijini Nairobi tangu ujana wake na kusimulia hayo katika kitabu cha 1998, aliingia midomoni mwa Wakenya kwa kesi ya mazishi ya mumewe mwaka 1987.

Aliyemkaribia mtu wa aina hiyo zaidi kwenye skrini ni Mkenya, tena kwa niaba ya nchi ya kubuni. Katika Black Panther ya 2018, Lupita Nyong'o ni Nakia, jasusi wa Wakanda. Tunapomwona kwanza yumo ndani ya lori msituni Nigeria, kajitanda nguo kichwani, kakaa katikati ya wanawake waliotekwa, na hakuna anayeweza kumtofautisha nao. Mfalme mtarajiwa wa Wakanda anashuka kutoka angani kuwapiga watekaji, naye Nakia anamgombeza kwa kumharibia kazi.