Kigeu Kilichoandikwa Kisisomwe

Programu ya duka inajumlisha bei za bidhaa. Kigeu $jumla kimeanza na 0; kisha, ndani ya mzunguko, herufi moja ikamponyoka mwandishi: $jumia = $jumla + $bei. Mwishoni inarudishwa $jumla, na mteja anaambiwa deni lake ni 0. PHP, lugha iliyotumika kuiandika programu hiyo, haisemi neno. Kwake $jumia ni kigeu kipya chenye thamani halali. Kama hakuna anayekisoma, hilo si shauri lake.

Ulegevu huo ni wa asili. Rasmus Lerdorf alipotangaza zana zake za PHP mwezi Juni 1995, nia ilikuwa kurahisisha utengenezaji wa kurasa za wavuti. Katika PHP kigeu hakitangazwi kwanza. Huzaliwa pale kinapopewa thamani.

Mbinu za kuvinasa vigeu vya namna hiyo zilikuwapo zamani. Kufikia 1970, Frances Allen wa IBM alikuwa ameonyesha jinsi ya kufuatilia njia zote ambazo programu inaweza kupita, bila kuiendesha. Shabaha ilikuwa kasi: hesabu isiyotumiwa popote, kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo, iifute. Mwaka 1978 Stephen Johnson wa Bell Labs akaja na lint, mkaguzi wa lugha ya C. Lint haikufuta kitu; ilimwonyesha mwandishi kosa ambalo kompaila ingelifuta kimyakimya.

Kwa PHP kazi ilikuwa ngumu zaidi, maana lugha ina vichochoro vingi. Agizo compact('jumla') husoma kigeu kupitia jina lililofungwa ndani ya alama za nukuu. Faili lililoingizwa kwa include husoma vigeu vya mwenyeji wake. Kigeu kilichounganishwa na kingine kwa & kikibadilishwa, na mwenzake hubadilika. Mkaguzi anayehesabu majina tu atavisingizia vigeu visivyo na hatia.

Nafuu ilikuja Desemba 2015, PHP 7 ilipoanza kuugeuza msimbo kuwa mti wa sintaksia kabla ya kuuendesha. Kiendelezi cha Nikita Popov, mmoja wa wasanidi wa PHP, kiliwafungulia wengine mti huo, na Phan, mkaguzi aliyeanzishwa na Lerdorf mwenyewe, akautumia. Mwaka 2016 kampuni ya Vimeo ikatoa mkaguzi mwingine, Psalm, anayeweza kuripoti kigeu kilichopewa thamani kisisomwe.

PHP 8.0, ya Novemba 2020, ilipandisha kosa la kusoma kigeu kisichokuwapo kutoka taarifa hadi onyo. Kuandika bila kusoma hakukuguswa, kwa kuwa kosa hilo halionekani mstari unapoendeshwa: lazima mistari yote inayofuata isomwe kwanza.