Wimbo Kama Mifupa ya Hadithi: Kutoka Nunda hadi Simba wa Filamu

Edward Steere alipochapisha Swahili Tales mjini London mwaka 1870, yaani hadithi alizozikusanya Unguja, alitia katika dibaji yake neno ambalo lastahili kuangaliwa upya. Alisema kwamba ngano za wenyeji huwa na kipande cha kuimbwa ambacho wote waliohudhuria hukiitikia; na kwamba mara nyingi mifupa ya hadithi yaonekana kuwa imo katika vipande hivyo vya nyimbo, na maelezo ya katikati huyatunga msimulizi papo kwa papo ili kuviunganisha. Aliongeza kwamba baadhi ya nyimbo hizo hata walioziimba hawakuweza kueleza maana yake ila kwa shida.

Kusudi la makala haya ni kuichukua kauli hiyo na kuipima kwa hadithi mbili zilizo mbali sana. Moja ni ngano ya nunda mla watu, iliyomo katika kitabu chicho hicho cha Steere. Ya pili ni filamu ya katuni The Lion King, iliyotolewa na kampuni ya Walt Disney mwaka 1994, ikaingia katika mitaa ya Likoni, Kisauni na Changamwe kwa kanda za video, na nyimbo zake zikaimbwa na watoto ambao hawajapata kuisikia ngano ya nunda hata siku moja. Si kwa sababu zote mbili zina wanyama wakali ndipo nikaziweka pamoja. Ni kwa kuwa zote mbili zimeshikwa na mahadhi yanayorejea, na kwa kuwa filamu hiyo ilichukua fungu la maneno ya Kiswahili lililokwisha kuimbwa sana katika hoteli za pwani yetu hii.

Tuanze na nunda. Sultani Majnun alikuwa na paka aliyempenda. Paka akala kuku, akala ndama, na kila watu walipokuja kushitaki, Sultani alijibu kwamba paka ni wake na kilicholiwa ni chake. Mwishowe paka akaingia mwituni, akawa mla watu, akawaua hata wana wa Sultani. Ndipo baba alipokiri kwamba huyo si paka tena bali ni nunda. Kijana mdogo, ambaye wote walimdharau, akashika njia kwenda kumtafuta, naye nunda hajamwona kwa macho. Akaua mbwa, akamburura hadi nyumbani, akamwimbia mama yake kumwuliza kama huyu ndiye. Mama akamjibu kwa wimbo kwamba siye. Akarudi mwituni, na kwa zamu yao wakaja wanyama wengine, miongoni mwao punda milia, twiga, kifaru na tembo. Na kila mara wimbo ni ule ule, na jibu ni lile lile, mpaka siku alipoletwa nunda mwenyewe na jibu la mama likageuka.

Ukiisoma ngano hii kimya, kama tuisomavyo darasani, sehemu hii yaweza kukuchosha. Mnyama baada ya mnyama, na maneno hayabadiliki. Lakini hadhira iliyoketi barazani haikuisoma, iliiimba. Kila wimbo uliporejea, mnyama alikuwa mkubwa kuliko wa kwanza, na kijana alikuwa amechoka zaidi na yu karibu zaidi na kifo. Wimbo haukubadilika, kilichobadilika ni uzito wa yale yanayowekwa juu yake. Na kwa kuwa hadhira yenyewe ndiyo iliyokuwa ikimwitikia kijana, kwa kinywa cha mama, kwamba bado, siye, yenyewe ilikuwa ikimrudisha mwituni. Neno moja linapogeuka mwishoni, "siye" likawa "ndiye", hapahitajiwi maelezo ya msimulizi. Mifupa imesimama peke yake.

Hapo twapata tofauti iliyopo baina ya kukariri na kurejea. Anayekariri hutoa kitu kile kile mahali pale pale. Mahadhi yanayorejea huja mahali papya yakiwa yamebeba kumbukumbu ya mahali yalipotoka, na msikilizaji hupima safari aliyokwenda kwa kuyatambua. Fanani asiyejua jambo hili huimba wimbo wake kama pambo. Anayelijua huuficha mpaka saa yake.

Masikio ya watu wa Mombasa yalizoezwa jambo hili na senema pia, kabla ya katuni za Marekani. Filamu za Kihindi zilizoonyeshwa kisiwani ziliwavuta watu wa ng'ambo zote, wa Likoni kwa feri na wa Kisauni kwa daraja la Nyali, na humo walisikia wimbo wa mapenzi ukija mara ya kwanza kwa furaha na mara ya pili kwa kilio. Mohamed Khamis Juma Bhalo, mwimbaji mashuhuri wa taarabu aliyefariki mwaka 2014, alisifika kwa kuimba mashairi ya Kiswahili, mengi yakiwa ya ndugu yake Ahmad Nassir, kwa mahadhi ya filamu hizo. Mtu aliyeiona filamu, akayasikia mahadhi yake arusini kwa maneno ya Kimvita, alisikiliza hadithi mbili kwa wakati mmoja. Jambo hilo lastahili makala yake lenyewe.

Ama The Lion King, iliyoongozwa na Roger Allers na Rob Minkoff, nyimbo zake zilitungwa na Elton John kwa maneno ya Tim Rice. Muziki wa kusindikiza hadithi ni wa Hans Zimmer, aliyepata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Na sauti za kwaya ni za Lebo M, mzaliwa wa Soweto, Afrika Kusini. Filamu yafunguka kwa mwito wa Kizulu jua linapochomoza, wanyama wakakusanyika, na mwana wa mfalme akainuliwa juu ya mwamba. Yafungwa kwa wimbo ule ule, juu ya mwamba ule ule, na mtoto mwingine. Mtazamaji wa Chaani au Mtongwe hakijui Kizulu, na wa Chicago hali kadhalika. Hapa kauli ya pili ya Steere yapata shahidi asiyetarajiwa: wimbo waweza kuibeba hadithi hali wanaoupokea hawajui maana ya maneno yake, maadamu wanajua walipousikia kwanza.

Baina ya ncha hizo mbili pana mahadhi mengine, ya kwaya na ala, yanayomfuata Mufasa. Yasikika kwa huzuni anapokufa bondeni na mwanawe akijaribu kumwamsha. Yarejea baba anapomtokea Simba mawinguni. Yaja tena mvua inaponyesha na Simba akaupanda mwamba kushika ufalme. Hakuna mhusika asemaye, "Sasa mwana amechukua mahali pa baba." Kama ilivyo katika ngano ya nunda, ambapo swali la kijana laulizwa mara nyingi na lajibiwa mara moja, ndivyo na hapa: mahadhi yale yale yaliyokuwa kilio bondeni yanakuwa jibu juu ya mwamba.

Lakini mfano mkubwa kwetu ni wimbo wa "hakuna matata". Simba mtoto, aliyekimbia kwao akidhani amemwua baba yake, afundishwa na Timon na Pumbaa kwamba yaliyopita yasimsumbue. (Jina la Pumbaa limechaguliwa vema na mtu aliyefungua kamusi, yule fisi aitwaye Banzai, hapana shaka kamusi ilikwisha kufungwa.) Wimbo uanzapo Simba ni mtoto. Wanapita juu ya gogo, wakiimba, na wimbo uishapo ana manyoya ya shingoni. Miaka yote ya ukuaji wake imo ndani ya wimbo mmoja, wala hapana msimulizi aliyesema kitu. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa mifupa aliyoitaja Steere.

Tuulize sasa: maneno hayo yalitoka wapi? "Tata" kwa asili ni fundo la uzi au kamba iliyojisokota, na humo mna kutatiza, kutatanisha na kutatua. "Matata" kwa maana ya shida au ugomvi yafahamika pwani, nayo yavuma zaidi bara na Kongo, katika Kiswahili cha huko na katika Kilingala. Mmvita aliyekanyagwa mguu kwenye feri, akitaka kumtuliza aliyemkanyaga, aelekea zaidi kusema "si neno" au "hapana neno". Hata hivyo mwaka 1982 bendi ya Them Mushrooms, iliyokuwa ikipiga muziki katika hoteli za watalii za Mombasa, ilitoa wimbo "Jambo Bwana", uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison. Ni wimbo wa kumwamkia mgeni, kumkaribisha Kenya, na kumhakikishia kwamba hapana taabu. Mwaka uliofuata kundi la Boney M likautoa upya Ulaya. Kutoka Nyali na Bamburi hadi Shanzu, pwani ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa ya Kisauni, pasingepita usiku hotelini bila maneno hayo kuimbwa.

Katika wimbo wa hoteli maneno hayo hayana hadithi. Yarejea, lakini yarejea pale pale: mgeni wa jana ameondoka, wa leo ameingia, na wimbo haujui. Kwa hiyo wanaoilaumu filamu kwamba ilikigeuza Kiswahili kuwa maneno ya kuuzia fulana wamkosea wa kulaumiwa kwa miaka kumi na miwili. Wala mimi simlaumu mpiga gitaa wa hotelini, aliyekuwa akilisha watoto wake. Nasema tu kwamba filamu ilifanya jambo ambalo hoteli haikulifanya. Iliyapa maneno hayo mahali katika hadithi, kisha hadithi ikayakanusha. "Hakuna matata" ni wimbo wa mtu aliyeacha wajibu wake. Maadamu unaimbwa, nchi ya baba yake yazidi kukauka. Simba hawezi kurudi kwao mpaka mahadhi mengine, yale ya Mufasa, yamwite. Kwa kipimo cha ngano zetu, huo ni wimbo wa njia ya upotevu, kama wimbo wa jini anayemchelewesha msafiri, na msikilizaji mzoefu aujua ulivyo tangu unapoanza kumpendeza.

Hata hivyo pana tofauti moja baina ya baraza na senema ambayo haipasi kufichwa. Barazani mifupa ya hadithi hushikwa na waitikiaji. Fanani akisahau, wao humkumbusha. Akichelewa, wao hutangulia. Kwenye filamu hadhira yapewa kila kitu kikiwa kimekamilika, nayo yaimba baadaye, nyumbani, kwa hiari yake. Kampuni ya Disney iliomba mwaka 1994 kusajili maneno "hakuna matata" kuwa alama yake ya biashara kwa mavazi huko Marekani, na usajili ukakubaliwa mwaka 2003. Mwaka 2018 ombi la kuupinga usajili huo lilikusanya sahihi zaidi ya 100,000 kwa njia ya intaneti. Ni kweli kwamba sheria ya alama za biashara haimkatazi mtu kusema wala kuimba, yahusu bidhaa. Lakini watu walioghadhibika hawakuwa wajinga. Kiitikio, kwa desturi ya pwani, ni kile kipande cha wimbo ambacho si cha fanani. Ni cha waliohudhuria. Mtu akiweka alama yake juu ya kiitikio ameweka mkono mahali ambapo hata mtungaji hakuweka.

Hasara iliyo karibu nasi zaidi ni nyingine. Steere alitambua kwamba wimbo ndio mifupa, kisha akatuachia maneno ya wimbo wa nunda bila mahadhi yake, kwani kitabu chake ni cha maneno. Wengi waliokusanya baada yake walifanya vivyo hivyo, na hata leo mwanafunzi huleta karatasi iliyojaa maneno na kando yake pameandikwa "wimbo". Mombasa ya bara ni mahali ambapo upungufu huu waweza kurekebishwa. Freretown, iliyoanzishwa Kisauni mwaka 1875 na wamisheni wa C.M.S., ilikusanya watu waliookolewa utumwani, Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, ambao wajukuu zao walikua wakisema Kiswahili; kama mna mahali pa kutafuta nyimbo za ngano ambazo waimbaji hawajui tena maana yake, ni hapo. Likoni Wadigo husimulia kwa lugha mbili, na mara nyingi wimbo hubaki katika lugha moja hata maelezo yakihamia nyingine. Changamwe, mji wa reli na bandari, ina watu wa kila upande wa Kenya, na ngano za kwao hutambwa kwa Kiswahili cha mtaani.

Anayekwenda kukusanya na aandike nani aliyeuanzisha wimbo, hadhira iliingia katika neno gani, na kama sauti ilipanda au ilishuka kila mnyama alipoongezeka. Akipata fanani anayeijua ngano ya nunda, amsikilize hasa pale mwisho, mama anapojibu "ndiye": je, ni mahadhi yale yale aliyoyatumia kwa mbwa na kwa twiga, au yamegeuka pamoja na neno? Na waitikiaji, ambao mara hizo zote wamekuwa wakijibu "siye", hunyamaza wakamwachia mama peke yake, au huimba naye?