Usafiri kutoka Uwanja wa Ndege wa Mombasa

Usafiri kutoka Uwanja wa Ndege wa Mombasa unahusu njia na vyombo vinavyowafikisha abiria kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi hadi mjini Mombasa na kwenye hoteli za pwani ya Kenya. Uwanja huo uko Port Reitz, katika eneo la Changamwe, takriban kilomita 10 kutoka katikati ya mji.

Uwanja umejengwa upande wa bara, lakini Mji wa Kale na kitovu cha biashara viko kisiwani, na hoteli nyingi za ufukweni ziko kaskazini na kusini ya kisiwa. Kwa hiyo msafiri huchagua kwanza njia ya kuvuka maji, ndipo huchagua chombo.

Vyombo vya usafiri

Teksi hupatikana nje ya majengo ya abiria. Kwa kawaida bei hukubaliwa na dereva kabla ya kuondoka. Magari ya kuitwa kwa programu za simu hutumika pia, na bei yake huonekana kwenye simu kabla ya safari. Hoteli nyingi hutuma magari yao kuwapokea wageni waliotoa taarifa mapema.

Tuktuk hubeba abiria watatu na hufaa kwa safari fupi zenye mizigo midogo. Matatu ndizo za bei nafuu zaidi. Hupita katika barabara za Port Reitz, Magongo na Changamwe kuelekea mjini, lakini hazina nafasi kubwa ya masanduku.

Kisiwani na kaskazini

Magari yanayokwenda kisiwani hupitia Makupa. Wanaokwenda Nyali, Bamburi au Shanzu wanaweza kuvuka kisiwa na kutoka kwa daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980. Barabara hiyohiyo huendelea hadi Mtwapa, Kilifi na Malindi. Hakuna kivuko katika njia hii, ila foleni za magari asubuhi na jioni huweza kurefusha safari.

Kusini

Safari ya Tiwi, Diani na Ukunda, katika Kaunti ya Kwale, ndiyo yenye uamuzi mzito zaidi. Kwa miaka mingi magari yote ya kutoka mjini yalitegemea feri za Likoni. Waenda kwa miguu huvuka bure, na magari hulipa. Msongamano au kuharibika kwa feri huweza kuwachelewesha wasafiri, na baadhi yao wamekosa ndege kwa sababu hiyo. Usalama wa kivuko ulijadiliwa sana baada ya tarehe 29 Septemba 2019, gari lilipotumbukia baharini kutoka kwenye feri na kuua mama na binti yake.

Barabara ya Dongo Kundu ilijengwa ili kupunguza utegemezi huo. Inaanzia Miritini, karibu na uwanja wa ndege, na kufika barabara ya Likoni–Lunga Lunga kwa kupitia madaraja ya Mwache na Mteza. Sehemu ya Miritini hadi Kipevu ilifunguliwa mwaka 2018, na sehemu zilizobaki zilikamilika katika miaka ya 2020. Anayetoka uwanjani kwa gari kwenda Diani sasa hana haja ya kuingia kisiwani wala kupanda feri.

Msafiri wa matatu bado hufuata njia ya zamani: hushuka kituo cha Feri, huvuka kwa miguu, kisha hupanda matatu ya Ukunda upande wa Likoni. Kutoka Ukunda hadi hoteli za Diani kuna tuktuk na bodaboda.

Safari ya kurudi

Anayerudi uwanjani kutoka kusini hunufaika akikubaliana na dereva mapema kuhusu njia itakayotumika, kwa kuwa njia hubadilisha muda na bei pia. Apitiaye Likoni huhitaji kutenga muda wa ziada wa kusubiri feri. Baadhi ya abiria huepuka safari hiyo kwa kutumia ndege ndogo za kiwanja cha Ukunda, kilicho karibu na Diani.